Mdomo wa Somoe

Saa kumi na moja alfajiri Mabel alikuwa ameshafika kwenye foleni ya maji. Kisima cha mbele ya nyumba yao, kile cha saruji kinachokinga mvua inayotiririka kutoka kwenye bati, kilikuwa kimekauka tangu Septemba, sawa na visima vya majirani karibu wote pale Newala. Bomba la mtaa lilifunguliwa siku moja, likaruka siku mbili, na hata siku ya zamu yake lilitoa maji kwa kusuasua. Mabel alipanga ndoo zake mbili nyuma ya ndoo za wenzake, akaketi juu ya moja, akasinzia. Kila foleni iliposogea mtu alimgusa begani, naye akasogea bila kufumbua macho sawasawa.

Ndivyo ilivyokuwa Oktoba yote. Baada ya maji ilikuwa shule, na baada ya shule ilikuwa korosho: kuziokota chini ya mikorosho, kuzing'oa kwenye matunda yake, yaani mabibo, kuzianika na kuzichambua. Baba yake alikuwa kijijini Chiwata akihudumia mikorosho ya babu, kwa hiyo ile iliyokuwa Newala ilibaki mikononi mwa Mabel na mama yake. Mabel alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na mwezi ule alihisi kama mgongo wake una miaka sitini.

Kitu kimoja tu alikifanya kwa hiari yake, nacho ni klabu ya kompyuta. Mwalimu Optatus, mwalimu wa sayansi, alikuwa na kompyuta mpakato mbili alizozinunua Masasi mjini zikiwa zimeshatumika. Alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba enzi zake yeye akiwa shuleni maduka yalikuwa na rafu tupu, hata sabuni ilitafutwa kwa wiki, na sasa mtu anaingia dukani anauliza kompyuta kama anayeuliza chumvi. "Kwa hiyo msije mkaniambia hakuna vifaa," alisema. "Vifaa vipo. Tunaopungua ni sisi."

Mwaka ule klabu ilikuwa inatengeneza katuni ya dakika tatu. Mhusika wake aliitwa Somoe, msichana mwenye ndoo kichwani, anayewaeleza watoto kwa nini maji yaliyokaa kisimani lazima yachemshwe. Ashraf, mvulana wa darasa lao mwenye mkono mwepesi wa kuchora, ndiye aliyemchora Somoe. Mabel ndiye aliyemtolea sauti. Katuni ilitakiwa kuonyeshwa Masasi, kwenye mkutano wa shule za msingi kuhusu maji salama. Kilichobaki ni kitu kimoja: mdomo.

"Picha tunayo, sauti tunayo," Mwalimu Optatus alisema Jumatatu moja. "Sasa Somoe inabidi aseme. Nimeleta programu mbili, na tutachagua moja. Hii ya kwanza unaipa sauti, yenyewe inachezesha mdomo. Dakika mbili imemaliza. Hii nyingine haifanyi lolote mpaka uiambie. Unasikiliza sauti silabi kwa silabi, na kila silabi unaichagulia mdomo wake: uliofumba, uliopanuka, wa mviringo, na kadhalika."

"Ya kwanza ndiyo nzuri," Ashraf alisema papo hapo, na wenzake wakacheka.

"Labda. Ndiyo maana tunajaribu. Mabel, wewe ni mwangalifu. Chukua sentensi moja, 'Chemsha maji kabla ya kunywa,' uiweke kwenye programu zote mbili. Kisha tafuta watu watatu, waonyeshe bila sauti, waulize Somoe anasema nini. Uniletee majibu yao Jumatano."

"Kwa nini bila sauti, mwalimu?"

"Kwa sababu Masasi watakuwepo watoto viziwi. Mwalimu wao atawatafsiria kwa alama, lakini mtoto hawezi kutazama mikono ya mwalimu na picha kwa wakati mmoja. Wengine wamezoea kusoma midomo. Na wale wadogo hawajui kusoma maandishi bado."

Jumanne baada ya masomo Mabel alibaki darasani peke yake. Ashraf alikuwa madrasa. Siku ile alikuwa amechota maji mara mbili, na jana yake walianika korosho mpaka giza likawakuta. Akafungua programu ya kwanza, akaiwekea sauti, akangoja. Mara Somoe akafungua mdomo, akaufumba, akaufungua tena. Ilipendeza kweli. Mabel alitabasamu peke yake.

Kisha akafungua programu ya pili. Akasikiliza "che," akachagua mdomo. Akasikiliza "m," akachagua mdomo. "Sha." Sauti ikawahi, mdomo ukachelewa, akaufuta, akauweka upya, akarudia. Nusu saa ikapita na alikuwa bado kwenye neno la kwanza. Akalaza kichwa kwenye dawati apumzike kidogo tu.

Alipozinduka, jua lilikuwa limeshuka na mama yake bila shaka alikuwa anamngoja shambani. Mabel aliitazama karatasi ya majibu aliyopewa na mwalimu. Hakuwa amemwonyesha mtu yeyote. Akashika kalamu, akaandika upesi: *Programu ya kwanza: mtu wa kwanza ameelewa, mtu wa pili ameelewa, mtu wa tatu ameelewa. Programu ya pili: haifai, haieleweki.* Akafunga kompyuta, akaondoka mbio.

Kesho yake Mwalimu Optatus aliisoma karatasi ile akiwa amesimama. "Kazi nzuri," alisema. "Umetuokolea zaidi ya wiki nzima." Mabel akatazama viatu vyake. Alijiambia kwamba hakuna aliyeumia.

Wiki iliyofuata katuni nzima ilikuwa tayari, mdomo ukichezeshwa na programu ya kwanza. Ijumaa, zikiwa zimebaki siku sita kabla ya safari ya Masasi, Mwalimu Optatus alimwita Zena wa darasa la tano. Zena alikuwa na miaka minane alipougua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini masikio yake hayakupona. Aliongea, kwa sauti iliyopanda juu mahali pasipotegemewa, na aliposemeshwa alikodolea macho midomo ya mtu bila kupepesa. Shuleni aliketi dawati la mbele kabisa.

Mwalimu alizima sauti, akamwekea Zena katuni. Klabu nzima ilisimama nyuma yake.

Zena alitazama dakika zote tatu. Akaomba irudiwe. Akatazama tena, akainamia kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa. Halafu akawageukia.

"Anatafuna," alisema.

"Anafanya nini?" Mwalimu Optatus aliuliza, taratibu, akiwa amemwelekea.

"Anatafuna ming'oko." Zena akaonyesha jinsi mtu anavyotafuna mizizi ile ya porini ikishachemshwa, taya juu, taya chini, polepole. Ashraf akaangua kicheko, kisha akaona uso wa Zena, akanyamaza. Zena hakuwa anatania. Alionekana kama mtu aliyealikwa karamuni akakuta sufuria tupu. "Na hapa," akasema, akirudisha picha mwenyewe, "hapa amesema neno gani? Amefungua mdomo mkubwa sana."

Mwalimu akafungulia sauti. Pale Somoe alipofungua mdomo mkubwa, hakukuwa na neno lolote. Kulikuwa na jogoo. Siku waliyorekodi, jogoo wa mlinzi wa shule aliwika nje ya dirisha, na programu ikachezesha mdomo kwa ajili yake.

Mabel alielewa palepale. Programu ile haikujua maneno. Ilifuata kelele tu: kelele ikipanda, mdomo unafunguka, ikishuka, unafumba.

Mwalimu Optatus akaitoa ile karatasi kwenye faili lake. "Mabel, hapa umeandika watu watatu walielewa. Ni akina nani?"

Wote wakamtazama. "Ni... watoto wa pale nyumbani, mwalimu. Majirani."

"Na walielewa bila sauti?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu akafikiri. "Basi jogoo ni bahati mbaya tu. Huenda tatizo lenyewe ni michoro, na wale walibahatisha. Ashraf, midomo uliyochora ni myembamba, labda haionekani vizuri. Jaribu kuichora upya yote, minene zaidi. Jumatatu tuone."

"Yote, mwalimu?"

"Yote."

Ashraf akakusanya penseli zake.

Jumamosi asubuhi Mabel na mama yake walipita mbele ya nyumba ya akina Ashraf wakienda shambani. Ashraf alikuwa ameketi barazani kwenye mkeka, karatasi zimemzunguka, kioo kidogo cha mkononi kimeegemezwa kwenye kikombe. Alikuwa anafungua mdomo mbele ya kioo, anauchora, anaufuta.

"Shikamoo, Mama Mabel," alisema.

"Marahaba, baba. Hujambo? Kazi gani hiyo asubuhi yote?"

"Midomo, mama. Sijui hata ninakosea wapi. Huu nimeuchora mara saba." Macho yake yalikuwa mekundu. Mabel alimsalimia kwa sauti ndogo, akaharakisha mwendo.

Chini ya mikorosho waliokota korosho. Jua lilipokuwa kali waliketi kivulini, na mama yake akamkabidhi chupa ya maji. Mabel aliishika bila kuinywa.

"Unaumwa?" mama aliuliza.

"Hapana." Kisha yakamtoka yote: ile Jumanne, dawati, karatasi, Zena, na Ashraf na kioo chake. Aliyasema akiwa amekazia macho korosho zilizokuwa ndani ya kikapu.

Mama yake naye alikuwa amechoka. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini, na alikuwa amefumba macho. "Ulichoka," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa naona. Nilikuona unavyochoka nikasema aah, ni mwezi mmoja tu." Akafumbua macho. "Jumatatu umwambie mwalimu. Wiki hii maji nitachota mimi. Lakini kumwambia, hilo siwezi kukusaidia."

Jumatatu Mabel alifika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu Optatus alikuwa ofisini, anasahihisha madaftari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Mwalimu, hakuna watu watatu. Sikumwonyesha mtu. Programu ya pili sikuimaliza hata neno moja, nililala. Nikaandika tu."

Mwalimu aliiweka kalamu chini. Akajipangusa uso kwa kiganja, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni. Mabel alitamani agombezwe, ili yaishe. Hakugombezwa.

"Ashraf amechora midomo mingapi?" mwalimu aliuliza.

"Sijui, mwalimu. Mingi."

"Basi nenda kamwambie yeye kwanza. Halafu mje wote wawili."

Ashraf alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika bahasha ya michoro. "Siku mbili!" alisema. "Siku mbili, Mabel, Jumamosi na Jumapili! Nilidhani mimi ndiye sijui kuchora."

"Nisamehe. Unajua kuchora. Mimi ndiye sikufanya kazi yangu."

Ashraf akaenda mpaka ukutani akarudi. Alikuwa bado amekunja uso aliposema, "Hiyo programu ya pili inataka midomo mingapi?"

"Minane."

"Ninayo kumi na tisa," Ashraf alisema, akaitupa bahasha mikononi mwake.

Mchana ule wakajaribu kama walivyotakiwa kujaribu tangu mwanzo: sentensi ile ile, programu zote mbili, watazamaji watatu, mmoja wao Zena. Mabel aliweka midomo ya sentensi moja kwa saa nzima, na Ashraf alimwangalia asiruke silabi. Kwa programu ya kwanza, watazamaji wote watatu walishindwa. Kwa programu ya pili, wawili walipata neno "maji" tu. Zena alitazama mara tatu.

"Chemsha maji," alisema. Uso wake ukafunguka. "Chemsha maji! Halafu sijui."

"Kabla ya kunywa," Mabel alimwambia.

Zena akatikisa kichwa, akagusa koo lake. "Hii 'ka' inakaa huku ndani. Siioni. 'Ma' naiona, midomo inafumba. Lakini 'ma' na 'ba' na 'pa' kwangu ni moja, naotea tu. Mpeni Somoe maneno yanayokaa mbele ya mdomo. Na aseme polepole. Na hii ndoo, iondoeni, inampa kivuli usoni."

Hakuna aliyekuwa amewahi kufikiria jambo hilo. Wakaketi na Zena katikati yao, wakaandika maneno upya. Kila sentensi Mabel aliisema bila kutoa sauti, na Zena akakubali au akakataa. Mwishoni walibaki na maneno machache: *Chemsha maji. Yaache yapoe. Ndipo unywe.* Mwalimu Optatus akaandika kwenye daftari la klabu kwamba wamechagua programu ya pili, na chini yake akaandika sababu, na majina matatu ya watazamaji.

Kazi yenyewe haikuwa na raha. Mabel alirekodi upya, dirisha likiwa limefungwa. Kisha ikawa "che," mdomo, "m," mdomo, "sha," mdomo, siku ile na siku iliyofuata. Macho yalimwasha. Jumanne umeme ulikatika saa mbili nzima na betri ikaisha. Walikaa wakiitazama kompyuta kama wagonjwa wanaongoja daktari. Jumatano Ashraf alishika kazi Mabel alipopumzisha macho, naye Mabel akashika Ashraf alipokwenda madrasa. Walipofika mwisho wa siku, Somoe alikuwa anaongea kwa sekunde arobaini. Dakika zilizobaki walimwacha amefumba mdomo, picha zikapita peke yake: kisima, sufuria, kikombe.

"Nyingine hatuwezi," alisema Mwalimu Optatus. "Tutakwenda na hii."

Alhamisi, Masasi, ukumbi ulijaa wanafunzi. Watoto viziwi waliwekwa mstari wa mbele, wapatao kumi na wawili, pamoja na mwalimu wao. Projekta ikawashwa, na Somoe akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango. *Chemsha maji.* Mabel hakutazama ukuta. Alitazama mstari wa mbele. Baadhi ya watoto waligeukia mikono ya mwalimu wao. Wengine watatu au wanne walibaki wamekazia macho ukutani, na mmoja wao, mvulana mdogo aliyeitwa Silvano, alianza kuchezesha midomo yake pamoja na Somoe. Alifumba Somoe alipofumba. Alipanua Somoe alipopanua. Kisha akamvuta mwalimu wake mkono wa shati, akaanza kuonyesha alama kwa haraka.

Katuni ilipokwisha, mwalimu yule aliwafuata. "Silvano anasema ameelewa: chemsha, yapoe, unywe. Ni mara yake ya kwanza kuelewa mtu wa kwenye picha bila mimi. Lakini anauliza, kwa nini baadaye msichana ananyamaza?"

Mabel alimtazama Mwalimu Optatus, lakini mwalimu hakumjibia. Basi akachuchumaa mbele ya Silvano, akasema taratibu ili mdomo wake uonekane, "Muda ulituishia. Ni kwa sababu yangu."

Silvano akamtazama, akamwonyesha alama mwalimu wake. "Anasema mmalizie," mwalimu yule alisema.

Watu walipokwisha kutoka ukumbini, Mabel na Ashraf walikunja nyaya. Mwalimu Optatus aliketi kwenye kiti cha plastiki, akanyoosha miguu.

"Mabel," alisema, "kuchoka si kosa. Mimi mwenyewe leo nimechoka kuliko ninavyoweza kueleza. Siku ile ungeandika, 'Nimechoka, sikujaribu,' ningekupa siku nyingine, na leo mtoto yule angepata habari yote. Lakini uliandika kwamba kazi imefanyika. Ukishaandika hivyo, wenzako wanakuamini, wanajenga juu ya maneno yako. Mimi nilijenga. Ashraf alijenga siku mbili. Kazi ambayo hukuifanya, sema hukuifanya. Hata kama ni aibu, ni aibu ya dakika moja. Na ulipokuja kusema, ingawa ulichelewa, ndipo kazi ilipoanza kuwa kazi. Hilo pia nimeliona."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Vizuri. Zimebaki dakika mbili na sekunde ishirini." Akatoa kalamu mfukoni, akafungua daftari la klabu juu ya goti. "Tuanze lini? Kesho?"

Mabel alifungua mdomo aseme ndiyo, kisha akausikiliza mwili wake.

"Jumatatu, mwalimu," alisema. "Kesho sitaweza. Nimechoka."

Ashraf akamgeukia kwa mshangao. Mwalimu Optatus aliinamisha kichwa, akaandika: *Jumatatu.*